Vueni viatu tuangalie nyayo: niliyoyazungumza Ngamiani kuhusu kansa ya ngozi

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi asubuhi Ngamiani, hapa hapa Tanga, mbele ya kina mama wa vikoba, wavuvi, walimu na vijana wanaotembeza rangi za kucha. Wengi mliniomba niyaandike muwatumie ndugu zenu kwenye simu, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie vijana mambo zenu. Ahsanteni kwa kuja, najua Jumamosi soko linaita na wengine mmeacha vyungu jikoni, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Nimefanya kazi kliniki za ngozi muda mrefu na kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Mtu wa kwetu akipata kansa ya ngozi ile mbaya kuliko zote, inaitwa melanoma, anafika hospitali ugonjwa umeshapanda. Umetoka mguuni uko kwenye mitoki, wengine uko kwenye mapafu kabisa. Ukimuuliza ilianza lini anakwambia mbona doa lina mwaka, mwingine miaka miwili, alikuwa analishika kila siku akitawadha. Yaani anaosha mguu mpaka kwenye vifundo, mkono unapita juu ya lile doa kila swala na hausimami, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kansa inaweza kukaa pale.

Na kosa sio lake. Sisi tumeambiwa nini kuhusu kansa ya ngozi? Tumeambiwa jua. Klipu zote zinazozunguka kwenye magrupu ya wasap zinaonyesha Mzungu amelala ufukweni mgongo mwekundu, alafu doa jeusi begani, alafu chupa ya losheni. Mtu wa Tanga akiangalia pale anasema hii haituhusu, anaifuta anaendelea na mambo yake. Sasa leo nataka tuelewane vizuri ipi inatuhusu na ipi haituhusu, maana zipo zote mbili na tukizichanganya tunaumia.

Tuanze na hesabu, sitawachosha. Melanoma inahesabiwa kwa kila watu laki moja kwa mwaka, yaani ukichukua watu 100,000 ukakaa nao mwaka mzima wangapi wapya watagundulika nayo. Mwaka 2020 dunia nzima ilikadiriwa watu kama 325,000 waligundulika na kama 57,000 walifariki. Wanaoongoza ni Australia na New Zealand, kule ni kama watu 36 kwa kila laki moja, na ndani ya Australia jimbo la Queensland ndo linalotajwa zaidi. Ukija nchi nyingi za Afrika yetu hii na za Asia hata mtu mmoja kwa laki hafiki.

Sasa tuilete Tanga. Sensa ya 2022 ilituhesabu mkoa mzima watu milioni 2.6 hivi, kuanzia Lushoto mpaka Pangani, Handeni mpaka Mkinga. Kama tungekuwa na kiwango cha Australia basi mkoa huu peke yake ungetoa wagonjwa wapya zaidi ya 900 kila mwaka, hospitali zisingepumua. Kwa kiwango cha chini ya mtu mmoja kwa laki tunaongelea watu wasiofika hata 26 kwa mwaka kwa mkoa mzima. Hayo ni makadirio ya kupiga kwa kalamu tu ili mpate picha, na ni lazima niseme kwamba mtu akifia nyumbani kijijini bila kukatwa kinyama kikapelekwa maabara hayumo kwenye daftari lolote la kansa, kazikwa na kidonda chake basi. Lakini hata tukiongeza hao bado sisi ni wachache, hilo nawaambieni kwa uhakika, ili mtu asitoke hapa na hofu ya kila kidoa mwilini mwake.

Kwa nini wenzetu ni wengi hivyo? Australia kule wengi wao asili yao ni Uingereza na Ireland, nchi za mawingu, ngozi nyeupe isiyo na kinga, wakahamia kwenye jua kali. Na cha kusikitisha zaidi ni mambo ya utotoni, walipofuatilia Waingereza waliohamia kule wakakuta waliofika wakiwa watoto wadogo wana hatari inayokaribiana na waliozaliwa kule kule, lakini waliofika watu wazima hatari yao ni ndogo. Yaani ngozi ya mtoto ikiungua, deni linakuja kudaiwa miaka 30 mbele. Kingine, melanoma ya jua inawapenda zaidi wale wanaokaa ofisini mwaka mzima alafu wanalipukia kwenye jua wiki mbili za likizo mpaka wanababuka. Nyie mnaofanya kazi kwenye mahoteli ya Pangani na Ushongo mnawaona hao, mgeni kashuka jana, saa saba mchana kalala kifudifudi kwenye mchanga. Mwambieni, mgeni anashukuru akiambiwa kwa upole, mpeni kivuli.

Wengine wakaongeza la kujitakia, vile vitanda vya taa vya kubadilisha rangi ya ngozi. Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyoko Lyon, Ufaransa, ikaviweka kundi la kwanza la visababishi vya kansa, kundi lile lile la sigara, na mwaka huo huo Brazil ikavipiga marufuku. Ukiwa na vidoa vingi sana mwilini, kuanzia 50 na kuendelea, au una ndugu wa damu aliyewahi kuugua, hatari nayo inapanda. Na Waaustralia hawakukaa kimya, tangu 1981 wana kampeni ya kuwafundisha watu kuvaa shati, kupaka losheni, kuvaa kofia, kwenye shule nyingi watoto hawaruhusiwi kutoka kucheza bila kofia, na leo vijana wao wanaugua kidogo kuliko wazazi wao walipokuwa na umri huo. Inawezekana, ndo ninachotaka mkione hapo.

Sasa sisi. Mwenyezi Mungu katupa melanini nyingi kwenye ngozi, hiyo rangi yetu nyeusi, na inazuia sehemu kubwa ya ile mionzi ya jua inayounguza, inaitwa UV, isifike kwenye seli za chini. Tuko digrii kama tano tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na mwezi wa kumi, na bado melanoma ya mgongoni na begani kwa mtu mweusi ni nadra sana. Hapo watu wengi ndo wanapofunga mjadala, na hapo ndo mimi nataka tuufungue.

Kuna aina ya melanoma ambayo haina habari na jua. Inaota unyayoni, kwenye kiganja, na chini ya kucha. Jua la wapi linafika unyayoni? Hii aina inampata Mzungu, Mchina, Mhindi, Mswahili, kwa kiwango kinachokaribiana, ni kama watu wawili tu kwa kila milioni moja kwa mwaka kwa hesabu za Marekani. Ila kwa Mzungu inafunikwa na zile nyingi za jua, kwake ni tone tu ndani ya pipa. Kwetu sisi za jua karibu hazipo, kwa hiyo hii ya mguuni ndo inabaki kuwa melanoma yenyewe. Kwa mtu mweusi melanoma nyingi ziko pale, mguuni kwanza, alafu mikononi na kwenye kucha.

Mfano mmoja mnaufahamu wote ila wengi hawajui ulikuwa ugonjwa gani. Bob Marley. Mwaka 1977 alikuwa na tatizo kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha, ikadhaniwa ni jeraha la mpira maana alikuwa mchezaji mzuri, kumbe ni melanoma ya aina hii hii. Akashauriwa kidole kikatwe, hakukubali, wakatoa ukucha na sehemu ya nyama wakaziba kwa ngozi. Tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami, ana miaka 36, imeshaenda kwenye mapafu na ubongo. Mpira haukumsababishia, jeraha la mpira ndo lililoifanya isionekane mapema. Na hilo ndo linalotutokea hapa kila siku, kuna maelezo mepesi yaliyo karibu, tunayashika, ugonjwa unapata muda.

Niwape la hapa hapa kwetu, bila jina wala kijiji. Mzee mmoja mvuvi, mtu wa ngalawa maisha yake yote, alipata weusi kisiginoni. Mwanzo akadhani sugu, maana ni mtu wa kutembea peku mchangani, akawa anaichonga kwa wembe jioni akirudi. Ikawa inatoa damu. Akaambiwa amekanyaga mwiba wa baharini ukabakia ndani, akachimbuliwa. Akaenda zahanati akapewa krimu ya fangasi, akarudi akapewa nyingine. Mimi nilipomuona, kile kisigino kilikuwa hivi, katikati kidonda kibichi chekundu hakina usaha wala harufu, kingo zake zimechanika chanika kama ramani ya visiwa, upande mmoja weusi wa makaa, upande mwingine kahawia, na pembeni vitone viwili vidogo vyeusi vimejitenga na doa kubwa. Nikapapasa kwenye kinena, mtoki mgumu, hauumi. Nikamuuliza huu una muda gani, akasema mke wangu ndo aliugundua lakini wakasema ni wa kidonda tu. Kweli ulikuwa wa kidonda, kansa ilishatoka kisiginoni ikapanda pale. Yule mzee alifuata kila ushauri aliopewa, alitumia hela yake ya samaki kutafuta dawa kwa miezi, hakuwa mzembe hata kidogo. Hakukutana tu na mtu wa kumwambia tukate kinyama tukapime.

Tofauti ya kuwahi na kuchelewa hapa ni kubwa mno. Daktari anapima unene wa melanoma kwa milimita chini ya hadubini, tangu mwaka 1970 Alexander Breslow alipoonyesha kwamba unene ndo unaotabiri mtu ataishi au la. Ikiwa chini ya milimita moja inakatwa na nyama kidogo pembeni na mtu anaendelea na maisha. Marekani wanaogundulika ikiwa bado ipo pale pale ilipoanzia, zaidi ya 95 kwa 100 wako hai miaka mitano baadaye, ikishafika kwenye viungo vya mbali inashuka karibu na theluthi moja. Na kule kule Marekani, kwenye hospitali kubwa zote hizo, Wazungu wenye melanoma wanaofikisha miaka mitano ni kama 94 kwa 100 na watu weusi ni kama 70. Wao wanaugua mara nyingi kuliko sisi, sisi tunakufa zaidi tukiugua. Sehemu kubwa ya hilo pengo ni kuchelewa.

Kwa hiyo jamani naomba kila mtu avue kandambili, yeboyebo, makubazi, chochote ulichovaa. Hapa sote watu wazima, hakuna wa kumcheka mwenzake. Nyanyua mguu uweke juu ya goti la pili kama unatoa mwiba. Ambaye goti halikubali, jirani yake amuangalizie.

Angalieni kisigino kwanza, alafu pale chini ya vidole panapobeba uzito wa mwili, hizo ndo sehemu inapopenda kukaa zaidi. Panueni na vidole muone katikati. Mkiona doa msishtuke, sisi watu weusi wengi tuna madoa unyayoni na viganjani, ni ya kawaida kabisa, mimi mwenyewe ninayo. Kinachotafutwa ni doa ambalo ni jipya ukubwani, au linatanuka, au halina rangi moja, au kingo zake hazieleweki, au linatoa damu, au limezidi upana wa milimita sita, ambao ni upana wa ile raba inayokaa nyuma ya penseli. Na kidonda chochote cha mguu ambacho kimefika miezi miwili hakijapona na hujui kwa nini, hicho kipelekwe hata kama hakina weusi wowote, kwa sababu zipo melanoma zisizo na rangi, zinaonekana kama kinyama chekundu tu. Kidonda ndugu usikizoee ukakaa nacho, hata kama sio melanoma kidonda cha miaka mingi au kovu la moto linalochanika chanika linaweza kugeuka kansa ya aina nyingine.

Kwenye kucha nataka twende taratibu maana hapo watu wanachanganyikiwa. Mstari mweusi unaotoka chini ya ukucha kwenda juu, mtu mweusi akishafika miaka 50 ni jambo la kawaida mno kuwa nao, na ukiwa nao kwenye kucha nyingi ndo uzidi kutulia. Wasiwasi uje pale mstari ni mmoja, uko kwenye kidole kimoja, hasa gumba la mkono au la mguu, umeanza ukubwani, na unazidi kuwa mpana, chini mpana juu mwembamba. Na ukiona weusi umetoka kwenye ukucha umemwagikia kwenye ngozi ya pembeni au pale ukucha unapoanzia, hapo usisubiri wiki, dalili hiyo iliandikwa na daktari wa Kiingereza Jonathan Hutchinson tangu 1886 na mpaka leo ndo tunayoitumia.

Vipi damu iliyovilia, umejigonga kwenye kizingiti ukucha ukawa mweusi? Damu inapanda na ukucha. Ukucha wa kidole cha mguu unaota kama milimita moja hadi moja na nusu kwa mwezi, wa mkono kama milimita tatu. Piga picha na simu leo, piga tena baada ya mwezi na wa pili. Kama weusi umesogea juu na chini pake ukucha unatoka msafi, ilikuwa damu, Alhamdulillah. Kama weusi umebaki umeganda pale pale chini au umeongezeka, nenda nayo picha hospitali.

Sasa mama zangu, na hili nimelifikiria sana kabla ya kuja. Sisi watu wa pwani tunapaka hina na piko. Nyayo zinapakwa, viganja vinapakwa, kucha zinapakwa, harusi ikiisha inakuja Idi, Idi ikiisha inakuja harusi nyingine. Sisemi muache, hina ni pambo letu na mimi nyumbani kwangu linapakwa. Nasema kati ya upakaji na upakaji kuna siku chache rangi imefifia, siku hizo angalia. Na nyie wapaka hina, na kina somo mnaowasinga bibi harusi, nyie mnashika nyayo na viganja vya watu wengi kuliko daktari yeyote wa mkoa huu. Na nyie vijana wa kucha mnaopita na vikapu vyenu nyumba kwa nyumba, mnaosugua visigino kwa jiwe, mnaona kucha za mji mzima zikiwa hazina rangi. Mkiona ukucha mmoja mweusi wa mteja msiufunike na rangi mbili mkachukua elfu yenu mkaondoka, mwambieni kwa staha, dada huu ukucha nenda ukauonyeshe. Hamtibu, mnaonyesha tu.

Ukishaona, fanya nini. Cha kwanza usichonge kwa wembe, usichome, usiweke maji ya betri, usikubali mtu akuchanje juu yake au akunyofoe. Simkosei heshima mganga yeyote hapa, wapo waliowapeleka watu hospitali wenyewe na nawashukuru, lakini doa la namna hii likichezewa linaharibika sura na hata sisi tukilipata tunashindwa kulisoma. Nenda zahanati ya karibu, na ukifika sema kwa maneno haya haya, nina doa linabadilika, naomba lipimwe. Ukipewa krimu ukaimaliza, ukapewa na ya pili, na hakuna kilichobadilika usikubali krimu ya tatu, omba rufaa uende Bombo, hospitali yetu ya mkoa. Kutoka Bombo kama inahitajika utapelekwa hospitali ya KCMC Moshi, pale kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 kinachosomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, au hospitali za Muhimbili na Ocean Road Dar es Salaam. Kipimo ni kukata kinyama, bayopsi, unachomwa ganzi. Kuna imani imeenea kwamba kansa ikiguswa na kisu ndo inasambaa. Hapana. Inasambaa kwa sababu imeachwa, na watu wanaona aliyekatwa kafariki kwa sababu alifika imeshasambaa.

Matibabu yake ni kukatwa, na ikiwa kwenye kidole wakati mwingine kidole chenyewe kinaondoka. Najua linauma kusikia hilo, mvuvi anakitegemea kidole gumba kusimama kwenye ngalawa. Ila anasimama tena, nimewaona. Kuna dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, waliozifungulia njia James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobeli 2018, na Rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter alikuwa na melanoma imefika kwenye ini na ubongo mwaka 2015, akapewa dawa hizo pamoja na matibabu mengine, akaishi mpaka Desemba 2024 akiwa na miaka 100. Lakini bei yake ni kubwa sana na hii aina ya mguuni inazisikia dawa hizo kidogo kuliko ile ya jua. Kwetu sisi silaha tuliyonayo mkononi ni kuiona ikiwa ndogo.

Kabla sijafika kwenye maswali, kuna ndugu zetu ambao yote niliyosema kuhusu jua kutotuhusu hayawahusu wao. Ndugu zetu wenye ualbino. Tanzania ni moja ya nchi zenye watu wengi wenye ualbino duniani, makadirio yanayotumika ni mmoja kwa kila 1,400, wakati Ulaya na Marekani Kaskazini ni mmoja kwa 17,000 mpaka 20,000. Kwao jua ndo adui, na kansa inayowapata zaidi sio melanoma, ni nyingine ya tabaka la juu la ngozi, inaanza kama ukurutu mgumu usoni, masikioni, shingoni, mdomo wa chini, kidonda kinachotoa magamba na hakiponi. Inawakuta vijana wadogo kabisa, miaka 20 na kitu, ndo hapo ninaposhindwa kuvumilia, maana hii inazuilika na ikiwahiwa inakatwa inakwisha.

Walimu mliopo, naomba mnisikilize. Mtoto mwenye ualbino asisimamishwe paredi ya asubuhi juani, asipelekwe kufyeka uwanja saa tano, avae mikono mirefu na kofia pana hata kama sio yunifomu, akae mbele darasani maana na macho hayaoni mbali. Jua kali ni saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe ujue linaunguza. KCMC wanatengeneza losheni inaitwa Kilisun kwa ajili yao, hapa hapa nchini, ulizeni kliniki na vyama vyao. Ila losheni inapakwa tena kila baada ya masaa mawili, mtoto hawezi kuipaka mwenyewe nyuma ya shingo, lazima awepo mtu. Nguo na kofia kwanza, losheni baadaye. Na mzazi mwenye mtoto kama huyo asimfungie ndani mchana kutwa kwa kuogopa watu, mpe kofia atoke jioni acheze.

Na mkorogo, sitakaa sana hapo. Zile krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na bado zinauzwa chini ya meza. Unaondoa mwenyewe kinga uliyozaliwa nayo, alafu unashinda kibandani juani. Madaktari wa Senegal wameripoti kansa za ngozi za shingoni na usoni kwa wanawake waliojichubua miaka mingi. Binti zetu waambiwe hivyo hivyo bila kuzunguka.

Niliulizwa maswali mazuri, naweka matatu. Mama mmoja aliuliza kama inaambukiza, akila sahani moja na mgonjwa. Haiambukizi, kuleni nao, laleni nao, mgonjwa wa kansa akitengewa kikombe chake anaumia mara mbili. Kijana mmoja aliuliza kama kutembea peku ndo kunaleta. Ni kweli melanoma ya unyayo inapenda sehemu zinazobeba uzito na kusuguliwa, na watafiti wanaliangalia hilo kwa makini, lakini huwezi kumwambia mtu kwamba ameugua kwa sababu hakuvaa viatu, ushahidi haujafika hapo. Viatu vaeni kwa sababu ya funza, misumari na pepopunda, na ili mguu usiwe na vidonda vingi vya kukufichia kile kimoja. Mzee mmoja akauliza ana weusi kwenye gumba tangu ujana wake, miaka na miaka, haujabadilika. Nikauangalia pale pale mbele ya watu, mstari mwembamba, kingo zimenyooka, na kwenye vidole vingine anayo pia. Nikamwambia baba endelea na shughuli zako, ila mjukuu akupige picha na simu uwe nayo.

Wapaka hina, kina somo na vijana wa kucha, kama nilivyosema pale ukumbini, nina picha za madoa ya kawaida na yasiyo ya kawaida kwenye ngozi yetu nyeusi, sio zile za Wazungu. Walionipa namba zao nawatumia leo usiku, na ambao hatukuwahi kuonana njooni kliniki siku yoyote ya kazi asubuhi, mlete na wenzenu wa Makorora na Chumbageni, hakuna malipo.